Kabureta ya Baba, Nozeli za Mtumba

Siku moja nikipanda mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, enzi za kabureta, nyuma yangu kulikuwa na basi lililonimulika kwa taa mlima mzima. Haikuwa usiku, ilikuwa saa nane mchana. Dereva alikuwa ananiambia kwa taa kitu ambacho nilikiona mwenyewe kwenye kioo cha pembeni: moshi mweusi, mzito, kama wa kibatari kilichopandishwa utambi kupita kiasi, unatoka kwenye ekzosi yangu na kumvaa usoni. Na mzigo sikuwa nao. Pikapu ilikuwa tupu, inakwenda Mafinga kufuata mbao.

Nilipompisha huko juu, utingo wake akatoa kichwa dirishani. "Mama, hiyo gari inachoma makaa?"

Hiyo gari ni Toyota Hilux ya marehemu baba. Injini yake ni 22R ya petroli, silinda nne, lita 2.4, kabureta ya midomo miwili. Baba aliitumia kusambaza makabati na vitanda kutoka karakana yetu ya Keko. Mimi nilipoachiwa karakana niliachiwa na pikapu, ila sikuachiwa mkono wake wa kuiwasha. Yeye alikuwa na utaratibu kama wa mtu anayetia udhu: vuta choki nusu, kanyaga pedeli mara mbili, tulia kidogo, piga stata, halafu rudisha choki taratibu huku unasikiliza. Akifanya yeye, inawaka. Nikifanya mimi, inamisi, inatoa harufu ya petroli mtaa mzima, na vijana wa karakana wanaacha randa ili wanitazame.

Sipendi watu wanavyoidharau kabureta. Ni kifaa cha busara sana. Hewa inayovutwa na injini inapita kwenye koo lililobanwa. Ikipita hapo inakimbia, na ikikimbia mgandamizo wake unashuka, basi petroli iliyo kwenye bakuli la pembeni inanyonywa kupitia kitundu cha shaba kinachoitwa jeti. Mtu anayenyonya dafu kwa mrija anafanya kazi hiyohiyo. Hakuna waya wa kukatika, hakuna fyuzi ya kuungua. Lakini kitundu kile kimetobolewa kwa kipimo kimoja, hakipanuki wala hakijibani, na ugomvi wangu na Kitonga ulianzia hapo.

Petroli ili iungue vizuri inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sisi wa Dar tuko usawa wa bahari, hewa yetu nzito, na jeti za baba zilichaguliwa kwa hewa hii. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu. Huko hewa imepungua uzito kwa kama moja ya tano, lakini jeti haina habari kwamba umepanda mlima. Inaendelea kugawa petroli kwa mkono wa pwani. Ndiyo moshi, ndiyo plagi nyeusi, ndiyo mshale wa mafuta unaoshuka huku unauangalia.

Na usidhani nyumbani kulikuwa na nafuu. Niende Kariakoo saa sita mchana kununua bawaba na vanishi, niiegeshe juani dakika ishirini, nikirudi haiwaki. Joto la injini iliyozimwa linapanda kwenye kabureta, petroli inachemka ndani ya bakuli na kumwagikia kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda. Dawa yake ni kukanyaga pedeli mpaka chini na kupiga stata mpaka ile petroli ya ziada ipulizike. Unafanya hivyo huku nyuma yako kuna mkokoteni, bodaboda na mtu wa maegesho, wote wanataka upite.

Ushauri niliupata mwingi. Uza, nunua kirikuu, kile kipikapu kidogo. Weka injini ya dizeli. Jirani mmoja aliniambia niombewe. Kirikuu sikatai ni gari la maana, lakini halitaniletea mbao za futi kumi na mbili kutoka Mafinga. Dizeli nayo ni kubadili injini nzima, na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo unaanza safari nyingine ya kufuatilia makaratasi. Na zaidi ya yote, injini yenyewe ilikuwa nzima. Mgandamizo wa silinda zote nne ulipimwa ukaonekana umekaribiana, oili haikuwa inapungua. Mgonjwa alikuwa anayepika, siyo anayekula.

Fundi wa baba ni mzee mmoja wa Gerezani ambaye sitamtaja, maana hapendi mambo ya simu. Huyu anarekebisha kabureta kwa bisibisi mbili: moja anaisokota kwenye skrubu ya hewa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nyingine ameweka mpini wake sikioni na ncha yake kwenye injini. Anafumba macho. Ikifika pale anapopataka anasema "hapo" na kuondoa mkono haraka kama mtu aliyelaza mtoto. Nilipompelekea habari ya moshi wa Kitonga alifungua kibati kilichojaa jeti, akanichagulia mbili ndogo na kunifundisha kuzibadilisha mwenyewe nikifika Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima. Nilifanya hivyo mara moja tu. Jeti moja ilinichoropoka vidoleni ikaangukia kwenye gunia la vitunguu la mama aliyekuwa anauza pembeni ya barabara. Tulilimwaga gunia zima. Vitunguu nilinunua, jeti hatukuiona.

Niliporudi nikamwambia: "Mzee wangu, nataka kuweka EFI." Yaani mfumo wa kupuliza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta.

Hakukasirika. Alifuta mikono, akasema, "Mwanangu, kabureta ikiugua inakohoa, unaisikia. Hiyo kompyuta ikiugua inakunyamazia." Kisha akaniambia lazima nitafute mtu wa umeme, yeye mambo ya waya hayataki, ila chuma chote atafunga yeye. Sikutegemea zaidi ya hapo.

Kilichonipa moyo ni kwamba sikuwa nabuni kitu. Toyota wenyewe walishatengeneza 22R-E tangu miaka ya 1980: injini ni ileile ya lita 2.4, ila badala ya kabureta ina nozeli nne, moja kwa kila silinda, zinazopuliza petroli karibu kabisa na valvu. Kwa hiyo kama unapata vifaa vya 22R-E vilivyokamilika, bloku yako inabaki, namba yako inabaki, unachobadilisha ni kinywa chake na mishipa yake ya fahamu.

Neno "vilivyokamilika" ndilo lililonigharimu wiki tatu. Muuzaji wa kwanza wa spea za mtumba alikuwa na kila kitu, manifoldi, nozeli, mita ya hewa, kontroli boksi (ndiyo kompyuta yenyewe), ila waya alikuwa ameukata kwa msumeno ili atoe injini haraka. Ulibaki mkia wa kama shubiri moja kwenye kila soketi. Akaniambia fundi yeyote ataunga. Nilimshukuru nikaondoka, na leo ningesema ule ndio uamuzi bora niliofanya katika kazi nzima. Waya wa EFI ukishakatwa unabaki na nyuzi nyingi ambazo rangi zake zimefifia kwa oili, na ukikosea uzi mmoja unaweza kuiunguza kontroli boksi. Muuzaji wa pili alikuwa na seti ya gari moja, waya mzima umekunjwa kama kamba ya ng'ombe, delko yake ya kugawa cheche kwenye plagi, rilei zake, hadi ile taa ya injini ya dashibodi. Nikalipa bila kubishana sana, jambo ambalo si tabia yangu.

Tulipoutandika waya kwenye sakafu ya karakana, katikati ya vumbi la mbao, ndipo tukajua gari lile lilikuwa la usukani wa kushoto. Kontroli boksi yake inakaa upande wa abiria, chini karibu na mlango, na kwa wenye usukani wa kushoto abiria anakaa kulia. Kwetu kulia ni kwa dereva. Tungeweza kuurefusha waya ufike upande wa pili, lakini nilishaapa kutokata. Kwa hiyo kontroli boksi yangu inakaa kulia, mbele ya goti langu, ndani ya kisanduku cha mninga nilichokitengeneza mwenyewe. Nadhani ndiyo kontroli boksi pekee Dar yenye vanishi.

Kijana wa umeme nilimpata kupitia mteja. Amepitia chuo cha ufundi cha VETA, mkimya, ana mita ya umeme ya mshale, ya zamani, ambayo hamwazimi mtu. Mzee alimtazama siku ya kwanza kama anavyotazama spea feki.

Sehemu ya chuma ilikwenda haraka, siku mbili. Kabureta ikatoka na manifoldi yake, mpya ikapanda na gasketi mpya. Pampu ya zamani, ile inayosukumwa na kamshafti, ikatolewa na tundu lake likazibwa kwa bamba. Delko ikabadilishwa, kwa sababu ile ya zamani huwahisha cheche kwa vyuma vyake vya ndani na mpira wa vakyumu, wakati kwenye EFI kontroli boksi ndiyo inayoamua plagi ipige saa ngapi.

Ilikuwa petroli iliyotutoa jasho, na hapa naomba usome polepole kama unafikiria kufanya jambo hili. Pampu ya kabureta husukuma kwa nguvu ndogo mno, haifiki hata nusu ya baa, kipimo cha mgandamizo. Mfumo wa nozeli unataka kama baa 2.5 au zaidi kidogo, tuseme karibu mara kumi. Mpira wa kawaida wa petroli, ule mweusi unaouzwa kwa mita na kufungwa kwa klipu ya waya, haukutengenezwa kwa mgandamizo huo. Duka moja liliniuzia mpira likaniapia ni wa EFI. Tulipowasha pampu kwa majaribio, injini ikiwa haijawashwa, baada ya kama dakika tano mpira ukaanza kutoa jasho. Siyo kuvuja; jasho, matone madogo kwenye ngozi yake yote, kama mtungi wa maji ya baridi. Mzee aliweka kiganja, akanusa, akasema "zima." Halafu akatoka nje akakaa.

Baadaye alinieleza kwamba aliwahi kuona gari likiungua kwa sababu ya mpira wa shilingi elfu chache, dereva akiwa ndani. Hakuongeza neno. Tangu siku ile tuliweka ndoo mbili za mchanga karibu na pikapu, tukatafuta mpira wenye maandishi ya mgandamizo wake ubavuni na klipu zinazobana mduara wote bila kukata mpira. Palipowezekana tuliweka bomba la chuma. Bomba la kurudisha petroli kwenye tangi tulivuta jipya, maana mfumo huu husukuma petroli nyingi kuliko inayotumika na inayobaki lazima irudi nyumbani.

Tangi lenyewe lilikuwa na kutu. Kwa kabureta kutu si janga kubwa, inatua chini ya bakuli na siku moja fundi anaisafisha. Nozeli ina vitundu vyembamba ambavyo havisamehi. Tulilishusha tangi, tukatia mnyororo na maji ya sabuni, vijana wawili wakalitikisa kama wanatwanga, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi. Mara sita. Kisha filta mbili, moja kabla ya pampu na moja baada yake. Pampu tuliifunga nje, chini ya chasisi, usawa wa chini kuliko tangi, kwa kuwa pampu hizi ni hodari wa kusukuma lakini wavivu wa kuvuta. Kasoro moja imebaki mpaka leo: tangi la baba halina vizuizi vya ndani vya kuzuia petroli isicheze, na mafuta yakishuka chini ya robo, nikikata kona kali, pampu inameza hewa na injini inashtuka. Nimejizoeza kujaza mapema. Bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA ikibadilika kila mwezi naisikia mara mbili.

Siku ya kuwasha, stata ilizunguka vizuri na injini haikuitika kabisa. Hata kikohozi. Kijana wa umeme akapima hapa na pale nusu saa nzima, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, nani alipaka rangi hii manifoldi?"

Alikuwa fundi rangi wangu. Aliona chuma kimechakaa, akakipuliza rangi ya fedha makoti matatu kwa roho safi, ikapendeza kama jokofu. Nyaya za ethi za kontroli boksi, zile za kurudishia umeme kwenye chuma cha gari, hufungwa kwa bolti kwenye manifoldi hiyohiyo, na rangi haipitishi umeme. Msasa namba 120, ambao kwangu haukosekani, dakika mbili, na stata ya kwanza injini ikashika.

Ikashika, ikanguruma sekunde moja, ikazima nilipoachia funguo. Tena. Tena. Siku mbili ikawa hivyo: ukiwa kwenye stata inawaka, ukiachia inakufa. Tulibadilisha rilei. Tukabadilisha fyuzi ambazo hazikuwa na kosa. Kijana akasema njia ya mkato ipo, tunaunga pampu moja kwa moja kwenye swichi ya funguo iwe inazunguka muda wote. Mafundi wengi hufanya hivyo, naomba nisiwe wa kwanza kusema. Mzee, ambaye mambo ya waya hayataki, akauliza swali moja: "Na ikipinduka?"

Ndipo kijana akakaa chini na kutueleza, nadhani na yeye alikuwa anajieleza mwenyewe. Ndani ya mita ya hewa kuna kijilango chenye springi. Injini ikivuta hewa, kijilango kinasukumwa, na pembe yake ndiyo inayoiambia kontroli boksi hewa kiasi gani imeingia. Lakini kijilango hicho kina kazi ya pili: kikifunguka kidogo tu, kinafunga swichi ndogo inayoiruhusu pampu ya petroli iendelee. Ukiwa kwenye stata pampu inapata umeme kwa njia nyingine. Ukiachia, inategemea kijilango. Injini ikizima, hewa inasimama, kijilango kinajifunga, pampu inakata. Gari likipinduka halimwagi petroli juu ya ekzosi ya moto.

Akafungua boksi la filta ya hewa, akawasha funguo bila stata, akaingiza kidole na kukisukuma kijilango taratibu. Chini ya gari pampu ikaimba: ziiii. Akatoa kidole, kimya. Akasukuma, ziiii. Kwa hiyo swichi ilikuwa nzima. Basi ni kwa nini injini yenyewe haikuweza kusukuma kile ambacho kidole kimeweza?

Jibu alilipata mzee, kwa mikono. Alipapasa ule mpira mnene unaotoka kwenye mita ya hewa kwenda kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli, akaukunja, na chini yake, mahali ambapo klipu huficha, ukafunguka mdomo wa urefu wa kidole gumba. Injini ilikuwa inavuta hewa kupitia ufa, haipiti kwenye mita. Kwa kabureta ufa kama huo kwenye mpira wa hewa, kabla ya koo, hata usingeujua. Huku hewa isiyopita langoni ni hewa isiyohesabika. Mpira mwingine ulipatikana kesho yake asubuhi, na saa nne pikapu ilikuwa inanguruma yenyewe uani, sailensi imetulia bila mtu kushika pedeli. Vijana waliacha randa tena, safari hii wakapiga makofi.

Wiki ya kwanza ilikunywa mafuta kuliko kabureta. Nikajiona mjinga. Taa ya injini ikawaka, na hapo nikajifunza kitu ambacho mzee alikosea: hii kompyuta hainyamazi. Kwenye Toyota za kizazi hiki kuna kisoketi chini ya boneti. Unaunganisha vitundu viwili, T na E1, kwa kipande cha waya, unawasha funguo, na taa ya dashibodi inaanza kukonyeza. Kama hakuna kosa inakonyeza mfululizo bila mapumziko. Yangu ilikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili. Ishirini na mbili: sensa ya joto la maji.

Sensa hiyo nilikuwa nimenunua mpya, dukani, kwenye boksi zuri. Ile ya zamani ilikuwa imetupwa kwenye kopo la misumari. Tuliipima kwa njia ya kijikoni. Kijana alichovya sensa ya zamani kwenye kikombe cha maji ya chupa ya chai, moto kama wa kunywewa na mtu mwenye haraka, na mita ikaonyesha omu mia tatu na kitu. Kwenye maji ya bomba ikapanda hadi karibu omu 2,000. Ndivyo inavyotakiwa: ikipata joto, upinzani wake wa umeme unashuka. Ile mpya ya boksi zuri haikushuka popote, ilikaa palepale juu kama imekatika ndani. Kontroli boksi haikuweza kujua injini imepata joto, kwa hiyo mchanganyiko wake haukuwa wa injini ya moto. Ni kama choki iliyovutwa ikasahaulika. Tukarudisha ya zamani, tena na kutu yake.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya sensa ya oksijeni. Karibu kila mtu niliyemuuliza alisema itupe, mambo ya Wazungu ya kupima moshi, gari linatembea bila hiyo. Linatembea kweli. Lakini mimi sikufanya kazi yote hii ili litembee, lilikuwa linatembea tangu zamani. Nilifanya kwa ajili ya Kitonga. Na ukweli ambao watu hawaambiwi ni kwamba mita ya hewa yenye kijilango haipimi uzito wa hewa, inapima nguvu ya upepo wake kwenye kibao, na hewa nyepesi ya mlimani inaidanganya kwa namna inayofanana sana na inavyoidanganya kabureta. Anayeujua ukweli ni sensa ya kwenye ekzosi, kwa sababu yeye anaonja kilichobaki baada ya moto: oksijeni ikizidi anatoa volti ndogo, kama 0.1, petroli ikizidi anapanda hadi karibu 0.9. Kontroli boksi inamsikiliza na kurekebisha. Enzi za petroli yenye risasi sensa hii ilikuwa inakufa upesi, lakini nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena.

Kijana aliunga mita yake ya mshale kwenye waya wa sensa na kuiweka juu ya dashibodi. Injini ikapata joto, mshale ukaanza kucheza, juu, chini, juu, chini, haraka kama mtu anayepepea jiko. Mzee alisimama mlangoni akautazama muda mrefu. Kisha bila kusema kitu akaenda mbele akachomoa mpira mwembamba wa vakyumu kwenye manifoldi. Injini ikabadilika sauti, mshale ukaanguka chini ukalala. Akasubiri. Mshale ukajiinua, ukayumba, ukaanza kucheza tena kama mwanzo, na injini ikatulia wakati mpira bado uko mkononi mwake. Akaurudisha. Mshale ukaruka juu, ukakaa, ukashuka, ukacheza.

"Ana sikio," alisema. Sijui alimaanisha sensa au kijana.

Safari ya Mafinga tulikwenda watatu, mzee alijialika. Tulilala Mikumi ili tupande mlima asubuhi. Kitonga nilipanda kwa gia ya tatu palipo na nafuu na ya pili kwenye kona, pikapu tupu, na kioo cha pembeni kilionyesha barabara na miti. Nisikudanganye kwamba nilipanda kama ndege. Hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua, EFI haikuongezei hewa, na ukikanyaga pedeli mpaka mwisho kontroli boksi inaacha kumsikiliza sensa na kumwaga petroli kwa makadirio. Ukijua hilo unakanyaga kwa adabu.

Kilichonishangaza ni kushuka, tukiwa na mbao. Zamani kushuka kwa gia ekzosi ilikuwa inapiga mabomu, kwa sababu kabureta iliendelea kunyonyesha injini isiyohitaji. Sasa ukiondoa mguu kwenye pedeli wakati injini inazunguka kwa kasi, nozeli zinafungwa kabisa. Tuliteremka mlima mzima tukiwa hatuchomi hata tone, injini inabana gari kwa pumzi yake tu, na kimya kilikuwa kikubwa hadi mzee akadhani imezima na kushika kipini cha mlango.

Kwa daftari langu, mjini nilikuwa napata kilomita sita na nusu kwa lita, sasa napata nane, nane na nusu foleni ikiwa na huruma. Hela niliyotumia ingenunua kabureta mpya mara nne, na sijairudisha yote. Kariakoo saa sita mchana inawaka kwa stata moja. Kabureta ya baba mzee aliiomba, nikampa; ameshaifunga kwenye pikapu ya mtu wa Mbagala na anasema inaimba.

Kishikizo cha choki nilikiacha kwenye dashibodi, hakijaunganishwa na kitu chochote. Dereva ninayempa pikapu kupeleka vitanda kwa wateja alifanya kazi na baba, na kila asubuhi nikiwa naandika hesabu namsikia anaingia, anavuta choki nusu, anakanyaga pedeli mara mbili, anatulia kidogo. Inawaka. "Hii gari," huwaambia vijana, "bila choki huiwashi." Sijamwambia.